Masaa Mane ya Ndege

Rubaya, tarehe 15 Januari 2023

Kwa mudogo wangu Claudette,

Amani ya Bwana iwe na wewe, na Papa Floribert, na wote wenye kulala mu nyumba yako kule Kibua. Sisi huku ku kilima tuko. Papa Sebarenzi alikohoa tangu Noeli, sasa anakohoa asubui tu, na ameanza tena kubishana na watu juu ya mipaka ya shamba, njo nimejua amepona. Maharagi imetoka vizuri. Mvua imebomoa njia ya kushuka Rubaya, lakini wachimbaji wa madini wanapanda na kushuka na viroba yao ku mugongo, wao hakuna mvua inawazuia. Ile ngombe ya baka nyeupe imezaa.

Sasa nikuambie chenye kimenikalisha chini nikuandikie.

Siku ya Mungu tukitoka ku misa, Hakorimana, ule jirani yetu mwenye anauza mafuta na sabuni, aliniita. Akafungua telefone yake akaniambia: Mama Murekatete, angalia mutoto wako. Nikaangalia. Murekatete ameketi ku kiti, amevaa kanzu ya rangi ya majani, na pembeni yake nani? Zéphyrin wako, anacheka na meno yote. Hakorimana akasema picha ilipigwa kule Bangalore, mu India, mu mji wenye mutoto wangu anasomea.

Claudette, mimi najua mutoto wako iko Dubai, anafunga mizigo ya wafanyabiashara mu depo. Wangu iko India na burse ya paruasi, kanisa njo inamulipia masomo. Nilikuwa nawaza ni inchi mbili zenye hazijuane. Nilimulilia Murekatete kwamba iko peke yake katikati ya watu wasiomujua. Kumbe kuna mutu wa kwetu anaweza kufika akaketi pembeni yake, na mimi mwenye nilimuzaa ninajulia ile habari ku telefone ya muuza sabuni.

Kutoka Dubai mpaka kule ni mbali namna gani? Nani alimutuma? Na wewe, ulijua? Tangu mutoto wangu aende sijamuona ata kivuli. Wewe umemuona kupitia macho ya mutoto wako. Sikufiche, imeniuma.

Nestor mwenye kuendesha moto, ile pikipiki, anapita kesho, nitamupatia hii barua. Usikawie kujibu.

Dada yako mukubwa,
Dancille


Kibua, tarehe 3 Machi 2023

Yaya Dancille,

Nakusalimia kwa heshima yote, wewe na shemeji Sebarenzi. Namushukuru Mungu kifua yake imepoa. Barua yako ilikawia sana. Nestor alikuta daraja imeanguka upande wa Nyabiondo, akageuka, akaiweka mu nyumba yake akingoja mafundi wa mbao. Hapa kwetu tuko, lakini hatuko sana. Papa Floribert alijikata na panga ku muguu akifyeka shamba, anatembea na fimbo. Muhogo imeshikwa na ugonjwa ya majani. Nyani zinakula mahindi mbele yetu bila haya.

Juu ya ulizo yako, nilingoja siku ya soko, nikapanda kule penye rezo ya telefone inashika, nikauliza Zéphyrin mwenyewe. Aliniambia kutoka Dubai mpaka Bangalore ni karibu kilometa elfu mbili mia saba. Akaniambia niwaze Goma mpaka Kinshasa, halafu niongeze karibu njia ingine kama hiyo, na bahari katikati. Nikamuuliza basi alitumia siku ngapi mu njia. Akacheka. Alisema ni masaa mane ya ndege: unapanda, wanakupatia chakula, unasinzia kidogo, unasikia wanasema mufunge mikaba tunashuka. Nikamuuliza tena, juu sikuamini. Yaya, toka kwako mpaka kwangu kuku inaweza kutembea, na angalia tarehe ya barua yako na tarehe ya hii yangu.

Alienda kumusalimia dada yake. Alikuwa na konje, zile siku za kupumuzika kazi. Ni hiyo tu.

Unaandika kwamba imekuuma. Na mimi niseme nini? Ile njo konje yake ya kwanza tangu alitoka hapa. Nilikuwa nimeshatenga jogoo. Wazee wenye walimufanyia baraka ya kwetu ya zamani mbele aende walikuwa wananisimamisha mu njia kuniuliza atafika lini. Akachukua ile konje yote akaipeleka kwa mutoto wako. Kama kuna mama mwenye alipaswa kuumia, sijue kama ni wewe.

Usalimie watu wa kilima.

Mudogo wako,
Claudette


Rubaya, tarehe 19 Machi 2023

Claudette,

Tumepata barua yako, tunashukuru. Pole kwa muguu ya Papa Floribert, aweke majani ya mubirizi. Hapa mambo ni yale yale. Tumeanza kupalilia viazi.

Nimerudi kwa Hakorimana nikaomba anifungulie tena ile picha. Akanionyesha vile wanaikuza na vidole. Ku mukono ya Murekatete kuna kamba nyeupe ya plastiki yenye maandiko. Mimi nimezalia hopitali, naijua ile kamba. Na ile kanzu ya rangi ya majani haiko kanzu. Ni nguo ya wagonjwa.

Nikamupigia pale pale. Akaniambia, "Niko muzima, Mama." Nikamuuliza Zéphyrin alikuja kufanya nini. Akaniuliza habari ya ngombe.

Nilikubeba ku mugongo yangu ukiwa mutoto, Claudette. Najua ukisema "ni hiyo tu", kuna ingine. Kwa nini sauti ya mutoto wangu imechoka, na mwenye anajua sababu ni wewe?

Mwaka ile ya vita nilikutumia Murekatete akiwa mudogo, nikakuambia mulee mpaka kilima kitulie. Kilikawia kutulia. Siku ulimurudisha alishika kitenge yako akalia, akakataa kuiachilia, na mimi nilisimama ku mulango na mikono wazi kama mugeni mwenye anaomba maji. Siku ile sikukuambia neno. Leo nakuambia: mutoto iko wangu. Kama kuna kitu unajua juu yake, kilipaswa kufika kwangu mbele kifike kwako.

Nangojea jibu ya kweli.

Dancille


Kibua, tarehe 30 Aprili 2023

Yaya,

Nakusalimia. Papa Floribert ametupa fimbo. Ndizi inatusaidia, hatulale njaa.

Umeomba ya kweli, nitakuandikia, ata kama nilikatazwa.

Murekatete alishikwa na tumbo mu mwezi ya kumi na mbili. Aliwaza ni chakula ya kule, ile yenye pilipili, akanywa dawa akaenda ku masomo. Akaangukia mu kolidori. Walimupeleka hopitali wakakuta apandisite, kile kipande kidogo ya utumbo, imekwisha pasuka ndani. Rafiki yake alifungua telefone yake kutafuta mutu wa familia mwenye iko karibu, akakuta jina ya Zéphyrin. Mutoto wangu aliacha mizigo bila kufunga, akaenda moja kwa moja kuomba konje, akapanda ndege. Anasema mu maisha yake hakuna njia ilikuwa ndefu kama yale masaa mane. Alifika wamekwisha kumupasua. Aliketi pale mpaka akaanza kusimama. Ile picha yenye uliona ni ya siku ile ya kusimama, njo maana anacheka.

Sasa umepona roho? Ni muzima, anasoma, jeraha imefunga.

Juu ya kukuambia: Murekatete alimuambia Zéphyrin kwamba Mama wa Masisi, ni wewe, akijua atauza ngombe zote na atatoka na miguu mpaka India. Wakanipigia mimi. Sikuomba wanipigie. Mutoto aliniapisha, ningefanya nini? Nilibeba ile habari peke yangu, ata Papa Floribert hakuijua mpaka leo.

Na uniambie na wewe ya kweli, Yaya. Kama ungejua siku ile, ungefanya nini? Ungepanda ndege gani?

Claudette


Kibua, tarehe 20 Julai 2023

Yaya Dancille,

Nakusalimia, na nasalimia shemeji. Sijapata neno yako tangu niandike. Nestor anasema barua alikupatia mu mukono.

Kuna watu wanapita hapa na magodoro ku kichwa, wanatoka upande wa kwenu. Kila mmoja namuuliza kama anajua nyumba ya Sebarenzi. Wengine wanasema kilima chenu kimetulia, wengine hawajue kitu. Ata ukinikasirikia, niandikie neno moja tu kwamba muko.

Nina shida ingine. Zéphyrin hapigi tena. Siku ya soko napanda kule juu, napiga, sauti ya mwanamuke inaniambia numero haiko. Nimeuliza Murekatete, anasema ndugu yake iko muzima, halafu anakata. Najua ile namna ya kukata. Kama wewe unasikia kitu juu yake, uniambie, nakuomba.

Mudogo wako,
Claudette


Rubaya, tarehe 9 Ogosti 2023

Claudette,

Tuko. Hakuna mutu alikufa, hakuna nyumba iliungua. Barua zako mbili nilizipata. Sikujibu juu kila neno lenye lilikuwa linakuja lilikuwa linachoma karatasi.

Uliniuliza ningepanda ndege gani. Hiyo nimeiweka mu roho.

Viazi imetoka mingi mwaka huu. Tumekwisha kuivuna yote, juu tulipata mikono ya nguvu. Papa Sebarenzi amenenepa.

Juu ya Zéphyrin, usihangaike, ni muzima. Usiniulize najua namna gani. Aliniapisha, ningefanya nini?

Nilitaka tu kukuuliza: akiwa mudogo, ulikuwa unamupatia nini kama kifua yake inafunga? Na kwa nini hakuli samaki?

Dancille


Kibua, tarehe 27 Ogosti 2023

Dancille,

Zéphyrin iko kwako.

Usiniandikie kama vile sijui kusoma. Mama hawezi kuuliza dawa ya kifua ya mutoto mwenye iko Dubai. Na Nestor nilimuuliza uso kwa uso kama amemuona mutoto wangu ku kilima chako. Alianza kuangalia gurudumu ya moto yake.

Ni tangu lini? Amerudi namna gani? Iko mugonjwa? Nimemulilia siku zote hizi kama mutu mwenye alipotea mu bahari, kumbe iko anakuchimbia viazi. Anakunywa maziwa ya ngombe zako. Analala pahali unaweza kumuona asubui ukifungua mulango. Miaka yote yenye hajaniona, akashuka mu ndege akakuja kwako. Kwako.

Nimefikiri sana kama unafanya hii juu ya Murekatete. Kama ni hiyo, umefanikiwa. Nilikuwa sijui vile inakula mutu. Jana niliona mama jirani anamuosha kijana wake kichwa, nikaingia mu nyumba nikafunga.

Lakini mimi nilificha ugonjwa yenye ilikuwa imekwisha kupona, yenye hakuna mutu wa hapa angeiweza. Wewe umenifichia mutoto mwenye ningetoka hapa na miguu nimufikie. Haiko sawa, na unajua haiko sawa.

Kifua yake ni asali na tangawizi, ya moto. Samaki, ni juu alikwamwa na mwiba akiwa na meno ya kwanza, Papa Floribert aliitoa na kidole.

Umurudishe.

Mama Zéphyrin


Rubaya, tarehe 24 Septemba 2023

Mudogo wangu Claudette,

Nakusalimia, safari hii nakusalimia kweli.

Nitakueleza yote. Mutoto wako alifika hapa mwanzo wa mwezi ya sita. Depo yenye alikuwa anatumika ilifunga, na kule kazi ikiisha makaratasi nayo inaisha, wanakupatia siku kidogo utoke. Alipanda ndege Dubai, akapita Addis, akashuka Goma. Kutoka Goma alipata moto mpaka huku. Nilikuwa namenya maharagi ku mulango, nikaona kijana mwembamba anapanda na kisakoshi kidogo ku bega. Nilidhani ni muchimbaji mwenye amepotea njia. Akaniita Mama mukubwa, njo nilimujua, juu ya sauti.

Nilimuuliza, "Kwa nini haukuenda kwa mama yako?"

Akanijibu, "Siku nilienda walinichinjia mbuzi. Wazee walinishika kichwa mbele ya kijiji yote. Sasa nitaingia pale na hiki kisakoshi?"

Akaniapisha nisikuandikie mpaka yeye mwenyewe apate nguvu. Nilikubali mbio. Nikuambie kwa nini nilikubali mbio: nilifurahi. Nilikuwa namupikia, na kila sahani yenye namuwekea mbele nilikuwa nasema mu roho, Claudette haoni hii. Alikuwa anacheka na Papa Sebarenzi, na mimi nasema, Claudette hasikii hii. Murekatete alikuwa anamupigia kwa telefone ya Hakorimana, sisi watatu tunaongea pamoja, na nilitamani sana ujue na nilitamani sana usijue.

Siku moja tunamenya viazi nilimuomba anieleze ile ya hopitali. Mimi njo nilitaka kusikia, na nilikuwa naogopa. Akaniambia mutoto alipoamuka, dawa ikiwa bado mu damu, hafungui macho vizuri, aliita Mama.

Nikamuuliza, "Mama gani?"

Akasema, "Sikumuuliza. Nilimushika tu mukono."

Claudette, nilimenya kile kiazi mpaka kikaisha mu mukono yangu.

Barua yako ilipofika nilimusomea. Sikuruka neno, ata yale ya kunipiga. Nilipofika ku mama jirani na kijana mwenye anaoshwa kichwa, alitoka nje, akaenda kusimama kwa ngombe. Papa Sebarenzi aliniambia nimufuate, nikakataa. Akarudi amekwisha kufunga kisakoshi yake. Nilikuwa nimejiahidi nimuweke ata mpaka Noeli. Sikumuambia akae.

Njia inapitika sasa, lakini watu wanasema vita inajongea. Nimemuwekea viazi, na jibini ya hapa, na asali. Usimuulize juu ya Dubai siku ya kwanza. Umuache ale.

Nimeandika barua ndefu, na nilipaswa kuanza na hii: mwenye amekupatia hii karatasi haiko Nestor. Unaweza kuacha kusoma umuangalie.

Dada yako,
Dancille


Kibua, tarehe 30 Oktoba 2023

Yaya Dancille,

Nakusalimia, nasalimia shemeji Sebarenzi, nasalimia ata zile ngombe. Sikuisoma barua yako siku ile, wala siku yenye ilifuata. Nilikuwa na kitu ingine ya kuangalia. Papa Floribert njo aliniokotea ile karatasi mu majani.

Mutoto alifika mahali Nestor hawezi tena kuendesha, akashuka, akatembea kipande ya mwisho. Wazee walikuja. Hakuna mutu aliuliza kisakoshi. Mukubwa wao alimuuliza tu kama kule kwenye alienda kuna mvua. Akasema karibu hakuna. Mzee akamuambia basi ni vizuri umerudi, na wakaketi.

Analala mu chumba yake ya zamani. Nimemuosha kichwa, ata na miaka yake yote, akacheka akakubali. Nilimuachia ale bila maulizo vile ulisema. Lakini Yaya, ninakuambia ya kweli, ile mudomo yake haifungi juu ya kilima chako. Kwa Mama mukubwa wanakatia viazi namna hii. Kwa Mama mukubwa maziwa inalala mu kibuyu. Kwa Mama mukubwa asubui kuna ukungu, unaona watu wa Rubaya wanatoka ndani yake mmoja mmoja. Nimepika sombe, yale majani ya muhogo, yenye alikuwa analilia akiwa mutoto. Alikula, akashukuru, akaniuliza kama siwezi kuweka siagi kidogo.

Na juzi amemwaga yote. Anasema anataka kurudi kwako mu mwezi ya kwanza, kulima viazi na shemeji. Anasema muhogo ya hapa inakufa na kule udongo ni muzuri. Nilimukatalia. Nilisema maneno yenye sitaiandika. Papa Floribert aliniacha nikamaliza, halafu akaniambia mutoto mwenye alivuka bahari hatafungwa na mukono ya mama yake.

Nimefikiri mpaka nikachoka. Murekatete anamaliza masomo mwaka kesho. Mimi najua mahali atapenda kufikia kwanza, na wewe unajua, na kila mmoja wetu anajua tofauti. Watoto wetu walikuwa na inchi mbili na bahari katikati, mmoja akaita, mwingine akafika mbele ya jua kuzama. Sisi tuko na mito kidogo na milima, na tangu nikurudishie ule mutoto hatujaonana uso.

Basi nimekata neno. Zéphyrin atakuja kwako, lakini hatakuja peke yake. Nitamuleta mimi mwenyewe, mbele njia ifungwe. Nataka niketi mu jikoni yako, nione na macho yangu ni kitu gani unaweka mu vile viazi. Na nikikuta ni siagi tu, tutaongea.

Tandika kitanda moja, mimi na wewe tutalala pamoja vile tulikuwa tunalala kwa mama yetu. Shemeji atatafuta pahali. Zéphyrin alale kwa Hakorimana.

Mudogo wako,
Claudette